Binti Akisema: "Baba, Nimepata Staji"

Ndugu msomaji, wewe baba ao mama wa jamaa, na wewe kijana unayefungua kurasa hizi kisha ibada ya siku ya yenga, leo tuongee juu ya jambo moja linalogombanisha watu katika nyumba nyingi za mji wetu wa Lubumbashi na za miji ya migodi. Ni jambo la staji ya binti.

Kwa mwanzo nikuelezee habari iliyonipata mimi mwenyewe, hata kama hainipe sifa.

Jioni moja baba mmoja wa parokia yetu alikuja kunitafuta nyumbani. Ni mzee aliyetumika miaka mingi katika Gécamines, kisha akatoka mwaka 2003 pamoja na wale zaidi ya 10,000 waliopokea feza ili waache kazi. Binti yake wa mwisho anasoma universite. Mzee alikaa, akakataa chai, akaanza moja kwa moja:

"Papa Pasta, huyu mutoto ananichokesha. Anapata staji, lakini haiko ku banki, haiko ku kampani ya migodi. Iko ku nyumba moya ya ba mama benye mambo. Ba mama benye kupigwa, benye kufukuzwa na bwana, bale balishikwa kwa nguvu. Miezi tatu! Na habalipe hata franka moya."

"Na yeye anasema nini?"

"Anasema kule njo atajifunza kazi. Miye nasema: mutoto mwanamuke akishinda siku muzima na ba mama benye kuachana na mabwana, yeye ataolewa na nani?"

Nilicheka kidogo. Na mimi nikakubali maneno yake. Nikamwita binti, nikamwambia: "Mwanangu, heshimu baba yako. Tafuta biro nzuri katika mji, pahali penye kuwa na heshima." Akajibu: "Ndiyo, Papa Pasta," akainamisha kichwa, akaenda.

Rafiki mmoja wa baba yake akamtafutia nafasi katika biro moja. Wiki ya pili, mkubwa wa ile biro akamwambia abaki nyuma wengine wakitoka. Akamwambia tena kwamba karatasi ya staji ataitia sahihi pahali pengine, siyo mule ndani ya biro. Binti akachukua mfuko wake, akatoka, hakurudi tena.

Lakini hakusema kitu. Kwa wiki tatu alivaa shemizi nyeupe kila asubui, akaaga mama yake, akapanda taksi, akaenda kukaa kwa tantine yake katika Katuba mpaka saa ya kurudi. Ni mama yake aliyegundua. Tulipomwuliza sababu gani hakutuambia, alijibu neno moja ambalo halijatoka katika masikio yangu mpaka leo:

"Nilizania mutasema miye njo nilimutafuta."

Msomaji wangu, alikuwa na haki. Pengine tungesema vile kweli. Tungemwuliza alivaa namna gani. Tungemwuliza sababu gani alikubali kubaki pale nyuma ya wengine. Binti yule alikuwa na baba, alikuwa na mama, alikuwa na pasta, na hakuona hata mtu mmoja wa kumsikiliza. Na ile nyumba tuliyomkataza, kazi yake ni hiyo tu: kusikiliza.

Ndio maana nilianza kuulizauliza na kusoma. Mimi sikusoma universite, nilisoma shule la Biblia, na vingi vilikuwa vipya kwangu. Nikuambie nilivyovikuta.

STAJI NI NINI?

Wazazi wengi wanasikia neno hili na wanafikiri kwamba mtoto amepata kazi. Hapana. Staji ni sehemu ya masomo. Mbele ya kupata diploma, mwanafunzi anaacha viti vya shule kwa wiki ao miezi fulani, anaenda kutumika pahali penye kazi ya kweli. Mwanafunzi wa uganga anaenda katika hospitali, kwa mfano Jason Sendwe. Mwanafunzi wa ualimu anasimama mbele ya watoto na chaki katika mkono. Mwanafunzi wa sheria anaenda kwa avoka ao katika tribinali. Pale anapewa mwongozi wa kumwangalia. Mwishoni anaandika ripoti yake, na mwongozi anampa pointi.

Kwa hiyo staji haina mshahara, mara nyingi hata feza ya taksi haipo. Ninajua jambo hili linauma. Mzazi aliisha kulipa minerval, alinunua vitabu, na sasa anaombwa feza za njia kwa miezi tatu. Lakini tusiseme kwamba ni kazi ya bure. Katika mashamba yetu, mtu anayepanda mahindi hali siku ile ile.

NYUMBA YA WAMAMA KWENYE UNIVERSITE

Labda utauliza: wamama na universite, wapi na wapi?

Mwaka 1960, universite ya Minnesota katika Marekani ilianza kazi ya kusaidia wamama walioacha masomo sababu ya ndoa na watoto, ili waweze kurudi. Kutoka mule kukazaliwa nyumba ya wanawake ndani ya universite. Nyuma yake universite nyingi za inchi ile zilifungua nyumba za namna hii. Na wanaotumika humo si wakubwa peke yao. Wanafunzi nao wanafanya staji mule: wanapokea watu kwenye mlango, wanatunza vitabu, wanatayarisha mazungumzo, wanasindikiza mwanafunzi mpya asiyejua njia, wanakaa na mwenye kulia mpaka aweze kusema.

Usifikiri ni jambo la wazungu tu. Katika Uganda, universite ya Makerere ilianza mwaka 1922, lakini wanafunzi wanawake wa kwanza waliingia mwaka 1945. Mwaka 1991 ikafungua idara ya masomo juu ya wanawake, na wanafunzi wanatumwa inje ya darasa kufanya staji kati ya watu. Katika Dar es Salaam, walimu wanawake wa universite walijiunga tangu mwaka 1980 ili kutafuta na kuandika habari za maisha ya wanawake wa Tanzania.

Na kule kule Dar es Salaam, mwezi wa 2 mwaka 1990, mwanafunzi msichana alijiua kisha kusumbuliwa sana na wanafunzi wanaume. Inchi nzima ilitetemeka. Watu waliuliza: alikuwa na marafiki, alikuwa na walimu, sababu gani hakuna aliyemwokoa? Nilipofika pale nilifunga kitabu. Nilimwona binti wetu amekaa kwa tantine katika Katuba, na shemizi yake nyeupe.

TUTAZAME BUKAVU

Ukisema Makerere ni mbali, njoo katika Congo yetu, ujionee kazi ambayo makanisa yetu ya Protestanti yaliianza.

Katika Bukavu kuko Universite Evanjeliki katika Afrika, wengi wanaiita UEA. Ilianza mwaka 1991. Katika mji ule ule kuko hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa mwaka 1999 ndani ya kanisa la CEPAC na munganga Denis Mukwege. Yeye ni mtoto wa pasta. Alipokuwa mdogo alisindikiza baba yake kuombea wagonjwa, kisha akataka kuwa mtu wa kuwapa dawa. Hospitali ilitayarishwa kwanza kwa wamama wenye kuzaa. Lakini vita vilileta wamama wa namna nyingine, wale walioharibiwa mwili kwa nguvu. Mwaka 2018 Mukwege alipewa Tuzo la Nobel la Amani, pamoja na Nadia Murad wa Irak.

Wanafunzi wa uganga wa UEA wanafanya staji yao Panzi. Na pale wanakuta jambo ambalo kitabu hakifundishi vizuri: mama aliyeumizwa hahitaji munganga peke yake. Ndiyo sababu kazi ya Panzi ina milango mine. Mlango wa kwanza ni dawa na kupasuliwa. Wa pili ni kutuliza moyo. Wa tatu ni sheria, kama mama anapenda kushitaki. Wa ine ni kumsaidia arudi katika maisha, ajifunze kushona, kusuka vikapo, kusoma na kuandika, apate cha kuuza. Nyumba moja ya kazi hii inaitwa Maison Dorcas, na msomaji wa Biblia anajua sababu: ni jina la yule mama wa Yopa aliyeshonea wajane nguo.

Katika mlango wa pili utakuta wamama wanaoitwa "mama chéri". Hawa si waganga. Ni wamama wanaompokea mgonjwa, wanakaa naye, wanamsindikiza toka siku ya kwanza. Mwanafunzi mwenye diploma ya serikali na majina mengi ya magonjwa katika kichwa anaona mama mmoja asiyevaa koti nyeupe, anashika mkono wa mgonjwa, na mgonjwa anaanza kusema. Hapo anajua kwamba kusikiliza ni kazi, na ina watu walioijua mbele yake.

Mwezi wa 2 mwaka 2025 mji wa Bukavu uliingia katika mikono ya M23. Tunaposoma habari hii, tuwakumbuke ndugu zetu wa kule, waganga, wamama, na wanafunzi.

NA HAPA KWETU LUBUMBASHI?

Mtu atasema: "Pasta, ile ni mambo ya vita ya Kivu. Sisi hapa tuko na amani." Ndugu, tusijidanganye. Nyumba za Kenya, za Ruashi, za Kampemba zina vita vyao, na milango imefungwa.

Wazee wanakumbuka makambi ya Union Minière. Kampani ilitoa posho, nyumba, shule, hospitali. Wamama waliitwa foyer, wakafundishwa kushona, kupika, kunyosha nguo, kuosha mtoto. Wengi walifaidika, na mpaka leo kuko bibi anayekula sababu ya ile mashine ya kushona. Lakini mafundisho yalitoka juu na kushuka chini. Mama alikuja pale kufundishwa. Kusema shida zake, pahali pake palikuwa wapi?

Watu walisema: kazi njo baba, njo mama. Kisha kazi ikafa. Mwalimu wa historia wa universite yetu, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliandika juu ya jamaa za watumishi wa Katanga kitabu kilichotoka mwaka 2001, na katika jina lake watoto wa Shaba wanaitwa watoto walioachwa na baba yao. Neno hili ni zito. Baba asiyeleta tena mshahara alipoteza sauti yake katika nyumba. Mama ndiye aliyetoka asubui na mapema kuuza unga, makala, mafuta, mboga. Likelemba ya wamama ndiyo iliyolipa shule. Wababa wengine walishukuru Mungu kwa bibi wa namna hii. Wengine walisikia haya, na haya ikageuka kipigo.

Na nani alienda kuuliza mambo haya katika nyumba? Mwaka 2000, Observatoire du Changement Urbain ya Universite ya Lubumbashi ilituma watafiti wake katika kartié za mji. Waliingia katika lupango, wakakaa, wakauliza: munakula mara ngapi? nani analeta feza? nani anaamua? Kutoka kazi ile kukatokea vitabu juu ya maisha ya nyumba zetu na juu ya chakula chetu. Universite iliyoanza kufundisha mwaka 1956 ilijifunza kutoka kwa mama aliyekaa na sahani ya bukari mbele ya mlango wake.

Tukumbuke tena kwamba njia ya mabinti zetu bado ni fupi. Mwanamke wa kwanza wa Congo kupata diploma ya universite ni Sophie Kanza, mwaka 1964, katika Geneva. Mwaka 1966 akawa waziri. Kwa sheria ya jamaa ya mwaka 1987, bibi mwenye ndoa alipaswa kupata ruhusa ya bwana yake kwa mambo mengi ya sheria, mpaka sheria ya mwezi wa 7 mwaka 2016 ilipoondoa neno hilo. Mama zetu wengi hawajui mpaka leo kwamba iliondolewa. Nani atawaambia? Mwanafunzi wa staji anaweza, akikaa nao katika benchi moja.

ANAJIFUNZA NINI MULE?

Nikurudie kwa binti wetu. Kisha yale mambo ya biro, baba yake alikuja tena kwangu. Safari hii alikunywa chai. Tukaenda sisi watatu kwa ile nyumba ya wamama tuliyoikataa. Mama mkubwa wa pale alitupokea, akatuonyesha vyumba viwili na uwanja wenye muti wa avoka. Hakukuwa kitu cha kuogopesha. Wamama walikaa, mmoja ananyonyesha mtoto, mmoja anajifunza kuandika jina lake.

Binti alianza siku ya kwanza ya juma lililofuata. Siwezi kukuambia habari za wamama aliowapokea, sababu hakunielezea hata moja. Lakini aliniambia yale aliyofundishwa, na ninayaandika hapa sababu yanatufaa sisi wote:

Usikae juu ya kiti kirefu na mama yuko chini. Kaa naye sawa.

Usimwulize: "Ulifanya nini mpaka akupige?" Mwulize: "Leo unahitaji nini?"

Usiandike jina lake juu ya kartasi ambayo mtu mwingine anaweza kuokota.

Usimwahidi kitu usichoweza. Kama hujui, sema: "Sijui, lakini tutatafuta pamoja."

Ujue milango. Kama mtu ameshikwa kwa nguvu, afike hospitali upesi, mbele ya masaa 72 kupita, ili apate dawa ya kumkinga na SIDA. Asingoje mpaka jamaa imalize mkutano. Mkutano wa jamaa unaweza kungoja. Dawa haingoje.

Na la mwisho: ukitoka pale, uliyoyasikia yanabaki pale.

Niliposikia haya, nilimkumbuka Hana, mama wa Samweli. Alikuwa anaomba katika hekalu na machozi, midomo inatikisika bila sauti, na kuhani mzee Eli akamwona, akamhesabia mlevi. Mtu wa Mungu alikaa karibu kabisa na mwanamke mwenye uchungu, akamhukumu mbele ya kumsikiliza. Lakini Hana alijibu, na Eli akageuza maneno yake, akambariki. Mimi nilifanya kosa la Eli. Ninamshukuru Mungu kwamba Eli aliweza kugeuka.

MAMBO YA KUULIZA MBELE YA STAJI

Ndugu mzazi, sikuambii umwachilie binti yako aende popote. Sisi tuliona hatari katika biro yenye heshima, na inaweza kuwa pahali popote. Basi mbele ya kuanza, keti pamoja naye, muulize mambo haya:

1. Kuko barua? Staji ya kweli inaandikwa. Shule linatoa barua, na nyumba inayopokea inajibu kwa maandiko.

2. Mwongozi ni nani? Binti ajue jina lake, na shule lijue. Ajue tena mtu wa pili wa kuendea, kama shida inatoka kwa mwongozi mwenyewe.

3. Saa ngapi anaingia, saa ngapi anatoka? Staji haifanyike usiku katika hoteli.

4. Kazi yake ni nini? Kama kwa miezi tatu anafagia tu na kununua mikate ya wakubwa, hajifunzi.

5. Nani anamsikiliza yeye? Anayesikiliza machozi ya watu siku nzima anachoka moyo. Nyumba nzuri inawakusanya wanafunzi wake kila wiki, na kila mmoja anatua mzigo wake bila kutaja majina ya watu.

6. Nauli itatoka wapi? Mseme wazi mbele, usimwachie binti kutafuta yeye mwenyewe. Mwanaume mwenye nia mbaya anajua sana binti asiye na feza ya taksi.

Na wewe binti, sikia vizuri. Mkubwa akikuomba mwili wako ili akupe pointi ao sahihi, si wewe mwenye kosa. Sheria ya Congo ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2006 inaita jambo hilo kosa la kufungwa. Toka pale, mwambie mtu mmoja siku ile ile, na andika tarehe na maneno aliyoyasema. Kama wa kwanza hakusadiki, mwambie wa pili.

Na wewe kijana mwanaume, usifikiri ukurasa huu si wako. Panzi iko kazi ya munganga mwanaume. Mwanafunzi mwanaume aliyejifunza kumsikiliza mama bila kumhukumu, siku moja atakuwa bwana wa mtu, atakuwa baba wa binti. Watoto wake watashukuru ile staji bila kuijua.

KANISA LIFANYE NINI?

Sitaki kumaliza na maneno ya bure, nitaje vitu vidogo vitatu tulivyofanya ao tunavyotaka kufanya.

Kwanza, wamama wa parokia walikusanya feza za njia kwa binti mmoja kwa miezi tatu. Kila mama alitoa kidogo, kama katika likelemba. Haikumaliza mtu.

Pili, tulitoa chumba kimoja nyuma ya kanisa, chenye mlango usiotazama barabara. Siku mbili katika juma, mama mwenye shida anaweza kuingia mule bila watu wote wa benchi la mbele kujua. Mwanamke anaketi naye, siyo pasta. Mimi ninapenda kuheshimu mlango ule, na nikipita ninapita mbali.

Tatu, nilianza kuwafundisha wazee wa kanisa lile ulizo la "leo unahitaji nini?" Ni vigumu kwetu. Tulizoea kuuliza nani mwenye kosa. Mzee mmoja alinijibu: "Pasta, sasa hukumu itakatwa wakati gani?" Nikamwambia: wakati wake utafika, lakini mwenye kutoka damu hafungwe kitambaa na hukumu.

BINTI LEO

Binti yule alimaliza staji yake, akaandika ripoti, akapata pointi nzuri. Bado hajapata kazi. Ninasema hivi wazi, sababu katika mji wetu wenye diploma wengi wanatembea na bahasha zao kutoka biro mpaka biro, na staji haifungui kila mlango.

Lakini baba yake alinielezea jambo moja. Wakati wa staji, jioni, jamaa imekaa kwa bukari na sombe, yeye alizoea kumwuliza: "Leo ba nani balifika kule?" Binti anajibu: "Ba mama, papa." "Ba mama gani?" "Ba mama tu, papa." Mara ya kwanza mzee alikasirika, akaona ni kiburi. Kisha siku moja, kijana mdogo wa nyumba alipotaka kumsukuma dada yake aseme, mzee mwenyewe akamkemea: "Muache. Mambo ya batu haitoke inje."

Na usiku ule ule, watu wakiisha kulala, mama wa nyumba alikuja kukaa pembeni ya binti yake penye makaa. Alikuwa na neno alilolifunga ndani ya moyo tangu miaka ya makambi. Ni neno gani, mimi sijui, na mzee hajui. Binti anajua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA JAMAA

1. Katika nyumba yetu, mtoto akipata aibu inje, ataiambia nani kwanza? Sababu gani?

2. Binti wetu akileta barua ya staji katika nyumba ya wamama, tutamjibu nini leo?

3. Katika parokia yetu, mama mwenye shida anaweza kuingia kwa mlango gani bila kuonekana na wote?

4. Wewe baba, wewe mama, wewe kijana: mara ya mwisho mtu alipokuletea uchungu wake, ulimwuliza ulizo gani la kwanza?